Uso wa kung'aa kwenye joto la Dar: usianze na hailaita

Naomba niliseme mapema ili tusije kugombana huko mbele. Ile mekapu ya uso unaong'aa, uso mbichi, yaani mtu anaonekana katoka kunawa sa hivi na ngozi imeshiba maji, haitoki kwenye hailaita, ile poda au krimu ya kung'arisha mashavu. Najua mnazo, wengine mnakuja nazo saluni kwenye pochi mnanambia dada hii niwekee nyingi mpaka iwake, mi nakuwekea, inawaka kweli, alafu ukitoka nje jua la saa nane la Sinza likikupiga una mistari miwili ya dhahabu mashavuni huku paji na kidevu vimekauka kau. Mnaita glo. Mi naona glita tu.

Mi ni mpambaji, kazi zangu nyingi ni sendofu, kichenpati na harusi zenyewe, na hii habari ya uso wa kung'aa ndo inayoombwa kuliko kitu chochote siku hizi. Zamani haikuwa hivi. Mliokuwa mnapambwa miaka ya 2015, 2016 mnakumbuka, mtindo ulikuwa mkavu kabisa, poda inarundikwa chini ya macho inaachwa ikae weee ndo ipanguswe, lipstiki kavu ambayo ukicheka inapasuka, na ole wako paji la uso lionekane lina mafuta. Kwenye 2017 hivi Wakorea wakaja na mambo yao ya ngozi ya kioo, na mwaka huohuo mwezi wa tisa Rihanna akatoa Fenty Beauty na rangi 40 za faundesheni pamoja na hailaita zake za dhahabu, basi upepo ukageuka. Sa hivi bibi harusi akikaa kwenye kiti changu anatoa simu ananionyesha uso wa mdada wa Seoul, anasema dada mi nataka hivi.

Sawa mamii, ila Seoul kuna baridi. Msimu wao wa baridi unashuka chini ya sifuri, hewa kavu, watu wamejifungia ndani na hita, ngozi pale inaomba tabaka juu ya tabaka na inazinywa zote. Sisi Dar Januari hewa yenyewe imeshajaa unyevu, jasho likitoka halikauki, linakaa hapohapo usoni linachanganyika na vikrimu vyako vyote vinaanza safari ya kwenda shingoni. Kwa hiyo ukizifuata zile hatua kumi za Wakorea za kutunza ngozi ukiwa Mbagala chumba hakina AC na umeme wenyewe umekatika, saa moja tu baadae uso hautamaniki. Cha kukopa kwao ni ile kanuni kwamba mng'ao unatengenezwa chini, kabla hata kifuniko cha faundesheni hakijafunguliwa. Hatua zenyewe tupunguze.

Kwa nini chini? Ngozi iking'aa maana yake mwanga umeipiga ukarudi kwa pamoja, na hilo linatokea pale ambapo juu pamelala vizuri. Ngozi iliyopauka ina vigamba vidogo vidogo vimenyanyuka, mwanga ukifika unatawanyika huku na huku, we unaona kijivu. Ukiipa maji vinalainika vinalala. Na sisi weusi hapa tumependelewa japo watu hawasemi. Melanini inameza mwanga mwingi unaoingia ndani, kwa hiyo ule mwanga unaogonga juu na kurudi ndo unaojitokeza, unaonekana kwetu kuliko kwa mtu mweupe. Mzungu mpaka atafute hailaita ndo aonekane anang'aa, wewe ukipaka losheni vizuri umemaliza. Ila sasa kwa sababu hiyohiyo kwetu na makosa yanaonekana haraka, ukipauka unaonekana toka ng'ambo ya barabara, na ukizidisha mafuta nayo hivyohivyo. Mama zetu walikuwa wanalijua hili bila kusomea, mtoto hatoki nyumbani amepauka, utapakwa mafuta ya nazi mpaka magotini hata kama unatumwa dukani kununua chumvi tu.

Haya tuje kwenye kazi yenyewe.

Tuanze na maji maana hapo Dar pana jambo. Mitaa mingi tunatumia maji ya kisima na mengi yana chumvi, sabuni haitoi povu, ukimaliza kunawa unahisi uso unavutika. Mabibi harusi wangu nawaambia asubuhi ya shughuli wanawe uso kwa maji ya bomba kama mtaa wao DAWASA wanafika, la sivyo maji ya dukani, chupa moja ya lita inatosha kabisa. Wanacheka wakidhani ni mbwembwe zangu. Mpaka wajaribu.

Alafu usijifute ukakauka. Uso ukiwa bado una unyevunyevu ndo unapaka kile kitu cha kushika maji. Kama una seramu ya asidi ya hailuroniki sawa, kama huna basi nenda duka la dawa kanunue gliserini, ile ya chupa ndogo, kazi yake ni hiyohiyo ya kuvuta maji na kuyashikilia na bei yake haiumi. Ila usiipake yenyewe peke yake, nzito, inanata, vumbi lote la Kariakoo utarudi nalo. Mi naweka maji ya waridi kiganjani, nadondoshea matone mawili ya gliserini, nasugua viganja vyangu alafu nagandamiza usoni kwa mteja. Nagandamiza, sisugui. Shavu, shavu, paji, kidevu, kinachobaki mkononi kinamalizikia shingoni. Nikisubiri kidogo nikagusa shavu kwa ncha ya kidole, kidole kinanasa kidogoo alafu kinaachia. Hapo ndo penyewe. Kikinasa kikang'ang'ania nimezidisha, natandika tishu juu nainyanyua.

Juu yake krimu nyepesi ya jeli, kiasi cha punje ya haragwe kwa uso mzima, na kama ngozi yako ni ya mafuta hata hiyo pakaa mashavuni tu. Mafuta ya nazi, siagi ya kakao, Vaseline, hivyo vyote kwa mchana wa Dar sivitaki chini ya mekapu. Mafuta hayakupi maji, yanafunika yale uliyonayo yasitoke, na faundesheni ikikaa juu yake inateleza. Vaseline naiheshimu jamani, ipo tangu miaka ya 1870 na itatuzika sote, ila mi naitumia mdomoni, na kwa picha tu kidogo sana juu ya jicho likiwa limefumba, uone jicho linavyopata uhai.

Sanskrini, yaani krimu ya kukinga jua. Najua wapo mnaosema hiyo ni ya wazungu. Jua linachubua na linaacha madoa kwenye ngozi nyeusi pia, na madoa ndo yanayokufanya upake faundesheni nzito ambayo ndo inaua mng'ao, sasa utaona mwenyewe inavyozunguka. Kwanza hapahapa nyumbani Moshi, hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ambacho kinatengeneza sanskrini yao inaitwa Kilisun kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa hiyo msiniambie ni kitu cha kuja na ndege. Tatizo letu sisi weusi ni zile zenye zinki na titani nyingi, zinakuacha na weupe fulani wa zambarau kama umetoka kwenye unga. Chukua ya jeli isiyoacha rangi, SPF, yaani kiwango cha kukinga jua, 30 kwenda juu. Nyingi za namna hiyo zinang'aa zenyewe zikikaa, mi kuna wateja praima, ile inayotangulia chini ya faundesheni, siwawekei kabisa, sanskrini ndo praima yao.

Sasa subiri. Hapa watu wanakosa uvumilivu, wanapaka hiki hakijakaa wanarukia kile, alafu wakianza kusugua faundesheni vinatoka vile vijinyuzi vidogo vidogo vya ajabu usoni wanaanza kulaumu faundesheni. Mara nyingi ni kwamba chini umeweka vitu vya maji vingi na juu umeweka praima au faundesheni ya silikoni, havikuelewana. Vikitokea usipambane navyo, ukiongeza kitu juu unazidi kuharibu. Futa pale palipoharibika, anza upya pale tu. Mi nikimaliza kumwandaa mtu namwambia anywe chai, apige simu zake, agombane na fundi gauni, baada ya hapo ndo narudi na sponji.

Faundesheni iwe ndogo kuliko unavyodhani. Hapa nawapoteza wengi maana mtu kalipa hela anataka aone mekapu. Ila fikiria, umeshaandaa ngozi inang'aa, ukiifunika yote unang'arisha nini? Naweka katikati ya uso, pembeni ya pua, kwenye kidevu, palipo na madoa konsila, ile ya kuficha madoa, kwa brashi ndogo kabisa, doa kwa doa, alafu navuta kwenda nje na sponji yenye unyevu mpaka inapotea ikifika karibu na masikio. Juu ya mfupa wa shavu mara nyingi siweki kitu. Ile ni ngozi yako mwenyewe inaonekana pale, na ndo inafanya watu waamini uso mzima ni ngozi.

Rangi je. Rangi iwe yako. Fenty walipoingia rasmi Afrika Mei 2022 Kenya ilikuwemo kwenye zile nchi za kwanza, sisi hatukuwemo, kwa hiyo wengi tunaagiza kwa watu wanaosafiri Nairobi na Dubai au tunabahatisha Kariakoo, na mtu akibahatisha anabahatisha kwenda kwenye weupe. Faundesheni nyeupe kuliko ngozi inatoa ujivu, na ujivu haung'ai hata uumwagie ndoo ya hailaita. Jaribu kwenye taya, toka nje kwenye mwanga wa jua, sio chini ya taa ya duka. Muuzaji akikwambia usitoke nayo nje, we toka tu na uso wako uliopakwa, chupa mwachie.

Blashi ya krimu, kwa kidole, kabla ya poda yoyote. Kwa ngozi zetu usiogope ile inayotisha kwenye kopo, nyekundu, chungwa kali, zambarau iliyoiva, ukishaitandaza inakuwa damu tu imepanda mashavuni. Zile za pinki ya kitoto zinakaa juu zinapauka.

Ndo sasa, mwishoni kabisa, hailaita kama bado unaitaka. Kinachong'aa mule ndani mara nyingi ni maika, aina ya jiwe linalong'aa, iliyosagwa na kuvishwa titani, ikisagwa laini sana inatoa mng'ao wa hariri, ikisagwa kubwakubwa unaona chembe. Dukani ipake nyuma ya kiganja, itembeze juani, ukihesabu chembe irudishe. Na kama ulishanunua za hivyo usizitupe, pakaa mabegani na kwenye miguu siku una gauni fupi, kule zinapendeza. Usoni chukua ya maji au ya krimu, kidole cha pete, gusa juu ya mfupa wa shavu upande wa nje, chini ya nyusi mwishoni, na pale katikati juu ya mdomo. Basi.

Penye mng'ao napapanga, na hii ndo siri yote ya kung'aa kwenye joto, kama umechoka kusoma soma hapa tu. Kinachotofautisha mtu aliyependeza na mtu aliyetoka jikoni ni sehemu zinazong'aa. Jasho na mafuta vinaanzia katikati ya paji, pembeni ya pua, juu ya mdomo na kidevuni. Hizo sehemu zikiwa kavu, watu wakiona mashavu yanang'aa wanajua umekusudia. Zikiwa zinang'aa na zenyewe, hata upake bidhaa ya laki ngapi utapewa leso ujifute. Kwa hiyo poda ninayo, naipenda, ila inaenda katikati tu, kwa brashi ndogo, nabonyeza na kutoka. Mashavu hayaguswi.

Sasa nyie mnaopambwa nyumbani kwa watu mnajua mtihani mkubwa sio joto, ni mashangazi. Kuna bibi harusi mmoja nilimpamba kwao, nimemaliza, mtoto anawaka mpaka mi mwenyewe nimesimama namwangalia, akaingia shangazi mtu, mama wa Kizaramo kajitanda khanga, nikamwamkia shikamoo shangazi, akaitikia marahaba huku hata haniangalii, anamwangalia mtoto wake.

"Mwanangu, mbona umemwacha mwenzio na jasho usoni?"

Nikamwambia sio jasho shangazi, ndo mtindo.

"Mtindo wa kutoka kupika? Lete hiyo poda."

Na aliichukua kweli! Brashi kubwa, poda ya kopo, anamwendea mtoto. Bibi harusi ananiangalia kwenye kioo macho yamemtoka. Nikamshika shangazi mkono taratibu nikamwomba aguse. Gusa hapa pajini shangazi, akagusa, pakavu. Gusa kidevu, pakavu. Gusa shavu. Akagusa shavu, akaangalia kidole chake, hakikuwa na mafuta, akageuka akaniuliza, "Na mimi unaweza kunifanya hivi?" Nikampaka. Tulichelewa kutoka, MC alipiga simu mpaka simu ikaisha chaji, lakini shangazi alipendeza jamani, na ngozi ya mtu mzima ndo inahitaji hii namna kuliko sisi maana poda inaingia kwenye mikunjo inaichora.

Picha nazo ni somo lake. Ule mng'ao unaopendeza kwa macho, flashi ikiupiga uso kwa uso unakuwa bati. Mwombe mpiga picha aelekeze flashi juu kwenye dari au pembeni, wanaojua kazi wanafanya hivyo bila kuambiwa. Na zile poda nyeupe za silika ambazo zikikaa usoni hazionekani, flashi inaziona, kuna picha za watu maarufu kwenye zulia jekundu wamebandikwa unga chini ya macho na walipotoka nyumbani walikuwa safi kabisa. Kwa hiyo kabla hujatoka jipige picha moja ya flashi gizani. Kama shughuli ni jioni ukumbini na taa zile za rangi zinazozunguka, napunguza mng'ao nusu. Kama mnaenda kupiga picha Bagamoyo ufukweni jua linazama, naongeza, maana lile jua linakusaidia kazi.

Nisisahau ule uso wa mwanasesere. Januari 2024 kule Paris, kwenye maonesho ya nyumba ya mitindo ya Maison Margiela chini ya daraja la Alexandre wa Tatu, mpambaji Pat McGrath aliwatoa wanamitindo na nyuso zinang'aa kama kaure, dunia nzima ikalia, wapambaji wote tukaanza kuotea kafanyaje. Kumbe alichukua zile maski za kubandua, akazipunguza na maji, akazipuliza kwa mashine tabaka kwa tabaka zikakauka kama kioo, na mwaka uliofuata akaiuza kama bidhaa yake kabisa. Nilipokea ile picha toka kwa wateja mpaka nikachoka. Jibu langu ni lilelile, wale mabinti walitembea usiku wa baridi ya Januari, hawakula pilau, hawakulia wakikumbatiwa na bibi yao, na hakuna aliyecheza singeli. Wewe unafanya hivyo vyote kwa siku moja. Maski ya kubandua usoni kwako itaanza kubanduka wakati wa kukata keki.

Kuna jingine sipendi kulikwepa. Wapo wanaosema nataka kung'aa na wanachotaka ni kuwa weupe, na wameshaanza mkorogo, zile krimu za kujichubua, miezi kadhaa kabla ya harusi. Mpambaji anaijua hiyo ngozi akigusa tu. Inang'aa kweli, na ndo inavyowadanganya watu, ila inang'aa kwa sababu imekonda, steroidi, dawa kali zinazochanganywa kwenye mkorogo, zimeila mpaka unaona vimishipa vyekundu kwa ndani. Ukiweka faundesheni inawasha, ukiweka sanskrini inachoma, jua la nusu saa tu linaibabua. Haidrokwinoni, zebaki na steroidi haviruhusiwi kwenye vipodozi nchini, zamani walikuwa wanafuatilia TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, toka 2019 vipodozi vimeenda TBS, shirika la viwango, lakini vikopo bado mnaviona mitaani na vingine havina hata maandishi ya kilichomo. Haidrokwinoni ukiitumia muda mrefu inaweza kukurudishia weusi wa bluubluu usoni ambao hakuna konsila ya kuufunika, nakwambia kama mtu anayeshika hizo nyuso. Mteja wa hivyo simsemi vibaya, namwambia asiache ghafla kivyake maana ngozi inaweza kulipuka, aende kwa daktari wa ngozi, Muhimbili wapo, na siku ya shughuli natumia vitu vichache sana kwake.

Wanaotaka maandalizi ya maana wawaulize Wazanzibari. Bibi harusi wa kule anasinga kabla ya siku yake, singo ya maua ya mlangilangi, asumini, waridi, karafuu, na liwa, ule mti wa manukato, inasuguliwa kwenye jiwe inapakwa, mwili mzima, somo, yule mama anayemfunda, anamsimamia. Ukiondoa manukato, kinachofanyika ni kusugua ngozi iliyokufa itoke na kuacha ngozi laini iliyolala, yaani kilekile nilichosema juu ya mwanga. Hao kina mama walishafika zamani huku sisi tunatazama TikTok. Usoni tu ndo uwe mpole, karafuu inachoma, na usisugue uso asubuhi ya harusi kabisa, fanya siku mbili tatu nyuma.

Kwa siku za kawaida, wale mnaouliza mnawahi mwendokasi saa kumi na mbili mtang'aaje, yote hayo hamyahitaji. Gliserini na maji ya waridi kwenye uso wenye unyevu, sanskrini ya jeli, konsila kwenye doa, blashi ya krimu kidole kimoja kwa mashavu na mdomo, wanja, poda kwenye pua. Ukibanwa mle ndani ya basi ukatoa jasho usije ukapaka poda juu ya jasho, inaganda. Chukua tishu, itenganishe ibaki karatasi moja nyembamba, ilaze usoni, bonyeza, nyanyua. Hiyohiyo ndo ninayompa metroni abebe kwenye pochi ya bibi harusi, tishu, sprei ya maji ya waridi na lipshaini. Poda simpi, maana nikimpa kuna shangazi ataiona.

Usiku uivue yote. Najua umechoka, miguu imevimba, hela za kutunzwa bado hazijahesabiwa. Mafuta kidogo kwenye pamba yavute mekapu, alafu unawe kwa sabuni ya uso yasibaki, hasa mafuta ya nazi maana kwa wenye chunusi yanaziba vinyweleo. Sponji nayo uioshe usiku huohuo uianike penye upepo, kwenye joto letu ikilala na krimu ni rahisi kuota ukungu, na kuna watu wanapakiana sponji moja familia nzima harusi nzima, jamani hapana.